Mgongo wa Karani

Ubavuni mwa duka la vifaa vya shule kuna benchi la mbao lililobonyea katikati. Hapo ndipo sisi, kahawa mkononi, hujibu maswali ambayo hatukuulizwa. Jioni moja alipita Karani, mchapaji wa ofisi ya wakili, mkono kiunoni, anatembea kama aliyebebeshwa gunia. Kompyuta yake ilikuwa inaganda, kazi zimerundikana, na bosi alishamwambia akichelewesha tena nafasi yake itapata mtu. Anaishi peke yake. Mlo wake ni biskuti palepale mezani. Sasa mgongo nao ulikuwa umegoma. Tukamsogezea nafasi, akakaa kwa tabu.

Injinia, fundi simu wetu, alianza vizuri. Akamshauri afunge vitu asivyovitumia kwenye kompyuta na kuizima kila jioni. Angeishia hapo tungemheshimu mpaka leo. Lakini akaongeza kuwa mashine huganda kwa kununa, ukiichapa kwa pupa inakususia. Haraka haraka haina baraka.

Kinyozi, tunayemwita Bwana Afya, akahamia kwenye chakula. Karani apike sufuria kubwa ya maharage Jumapili, ale mpaka Ijumaa.

— Na yakichacha? Karani akauliza.

— Akiba haiozi, mdogo wangu.

Kuhusu mgongo, Injinia alidai uti ni waya tu, ukipinda chaji haifiki miguuni. Bwana Afya akaagiza Karani aweke viatu chini ya kitanda avifuate kila asubuhi, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami, nisionekane mjinga, nikasema aende kazini kinyumenyume, mgongo uzoee kutangulia. Karani aliitikia yote, maskini. Mtu mwenye maumivu hachagui daktari.

Ndipo akafika dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye Karani alikuwa amempigia simu. Alitusalimu kwa adabu, akasikiliza dawa zetu mpaka mwisho.

— Samahani, kaka zangu. Kati yenu, nani haumwi mgongo?

Bwana Afya akachungulia kikombe chake. Injinia alijaribu kuinuka ampishe mgeni, akashika kiuno, akarudi chini.

Dada akamshika mdogo wake kwapani. Akamwambia leo watakaanga mayai, kesho asubuhi wataenda hospitali, na yeye mwenyewe atampigia bosi simu. Wakaondoka polepole, Karani ameegemea bega lake.

Birika la muuza kahawa lilikuwa upande wa pili wa barabara, kahawa bado imejaa. Hakuna aliyeinuka kuifuata.