Siku ya Bahari, Usishike Simu

Benchi langu liko Uthiru, pale barabara ya vumbi inapoachana na Waiyaki Way, karibu na ukuta ambao mwenye ploti ameandika USIKOJOE HAPA, na wanaume wanakojoa wakiusoma. Jina langu ni Wangu. Nauza kahawa ya tangawizi na mandazi, na kwa kuwa benchi ni langu, sheria pia ni zangu: unakunywa, unabishana kidogo, unaondoka. Hiyo ya kuondoka wateja wangu hawajawahi kuielewa. Kuna Waceke, tunayemwita Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja lakini hajawahi kushindwa na kesi. Kuna Rajinder, anayeuza spea za magari hapo mbele, tunamwita Spana. Familia yake imekaa Nairobi tangu kabla ya babu yangu kuvaa viatu, na Kikuyu chake kinanitisha. Halafu kuna Maina, fundi wa sofa. Tangu kijana wake Kuria aingie jeshi la wanamaji, huyo ni Admirali. Asubuhi hiyo ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka mpaka magari ya barabarani tunayasikia tu, hatuyaoni. Admirali alikuwa ameweka simu yake juu ya benchi, halafu akaikalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani.

Na simu ilikuwa inalia.

— Admirali, simu, akasema Spana.

— Naisikia.

— Imeandika Kuria.

— Naiona.

— Si ushike basi! Kijana anapiga!

— Siwezi. Mama amekataza.

Wakili akaweka kikombe chini. Mimi mwenyewe niliacha kumimina, kwa sababu mama yake Kuria tulimzika Kinangop wakati Kuria alikuwa darasa la nne. Mvua ilinyesha, tukasukuma gari la maiti kwa mikono. Admirali hajawahi kuoa tena. Kijana alimlea peke yake, kati ya sponji na misumari.

— Admirali, nikamwambia polepole, Mama Kuria ni marehemu.

— Sio huyo, Wangu! Niko na akili zangu. Mama wa grupu.

Simu ikanyamaza. Tukasikia lori likipita ndani ya ukungu.

— Hebu anza mwanzo, akasema Wakili. Na uongee ukweli, uko mbele ya korti.

— Ni hivi. Kuria alipoitwa, kuna mtu alinitumia linki ya grupu ya WhatsApp. Ya wazazi wa wanamaji wapya. Mimi nilikuwa sijui kitu. Jeshi nalijua kwa gwaride ya runinga tu. Sasa huko ndani kuna Mama, ndiye admin. Huyo mama amenisaidia, wacha tu. Ndiye aliniambia ninunue kiwi nyeusi ya viatu na uzi, nisibebe keki. Ndiye aliniambia mtoto akinyamaza wiki nzima nisianze kuzunguka mahospitali. Aliniandikia, "Kimya ni sehemu ya mafunzo, baba. Lala." Na nikalala. Tangu mke wangu aende, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiambia nilale.

Hapo hakuna aliyecheka.

— Sasa leo ndiyo siku yao ya kwanza ya kuingia bahari kuu. Wanapeana simu zote kabla hawajapanda meli. Na Mama ametuambia wote: siku ya bahari, akipiga, usishike. Akisikia sauti ya nyumbani ataangalia nyuma. Na meli haitaki mtu anaangalia nyuma.

— Hiyo ni busara, akasema Wakili. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Maana yake, mtoto akilia kwa simu, wewe usishike, halafu wote mnalia kila mtu kwake.

— Sio maana yake, nikasema.

— Wewe mimina kahawa.

Simu ikaanza tena. Ilikuwa inatetemeka juu ya mbao ikisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na Admirali anaisukuma nyuma kwa kiwiko ili asiishike kwa mkono. Mimi nilitaka kuipokea mwenyewe. Nasema ukweli, roho iliniuma. Huyo Kuria alikuwa anakunywa chai yangu ya bure akitoka shule.

— Na ukishika itakuwaje? akauliza Spana.

— Kuna mzazi wa mwaka jana alishika. Mama mwenyewe alituambia. Siku hiyo hiyo akatoka kwa grupu, na hakuna mtu amesikia habari ya kijana wake.

— Labda alichoka na grupu! Hata mimi nimetoka ya kanisa ya jirani na sikufa.

— Spana, ni mtoto wangu. Niko na mmoja.

Simu ikanyamaza tena. Spana akavuta kikombe chake, akakuna ndevu. Nikajua nadharia inakuja.

— Mnajua hiyo ni nini? Hiyo ni kompyuta. Siku hizi kompyuta inajibu watu. Ile ya benki yangu huniita mpendwa. Mama yangu mzazi hajawahi kuniita mpendwa.

— Sio kompyuta, akasema Admirali.

— Inajibu haraka?

— Sekunde. Hata kama watu ishirini wanauliza pamoja, hata saa tisa usiku.

— Umewahi kusikia sauti yake?

— Mara moja alituma sauti. Nikaweka sikioni. Ni upepo tu, na kitu kama maji yanapiga ukuta. Nikajua alifinya vibaya.

— Picha ameweka?

Admirali akatoa mkono mmoja chini ya paja, akatuonyesha haraka haraka, akaurudisha. Ilikuwa picha ya kitanda. Kitanda cha chuma, shuka jeupe limevutwa bila mkunjo hata mmoja, mto umewekwa sawa. Hapakuwa na mtu.

— Kompyuta, Spana akarudia, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

— Kompyuta itajuaje soksi?

— Soksi gani?

— Kuria hulala na soksi moja. Ya kushoto. Tangu mamake aende. Hakuna mtu anajua hiyo maneno, hata shangazi zake. Siku moja Mama akaniandikia, "Baba Kuria, bado analala na soksi moja, lakini usijali, tutamfunza kuvua."

Wakili akafunga vifungo vya sweta yake mpaka shingoni.

— Hiyo ni serikali, akasema. Inataka kujua ni mzazi gani analia. Mzazi akilia, mtoto anatoroka, kesi inaanza. Kwa hivyo wanaweka kamera, wanaona soksi, wanaandika ushahidi. Penye moshi pana moto, na penye soksi pana mguu.

— Serikali haijibu simu ya mtu mchana, akasema Spana. Itajibu yako saa tisa usiku? Mimi nafikiri ni mama ya mtu. Mama ambaye mtoto wake bahari ilimchukua. Sasa amebaki hapo kwa grupu. Kila mwaka wazazi wanakuja, wanaenda, yeye amebaki, anasaidia wengine.

Hiyo ilitugusa. Hata mimi nilimwonea huruma huyo mwanamke, nikamwona ameketi mahali na simu yake, mtoto hayuko, anatuma ushauri wa kiwi. Lakini Admirali alitikisa kichwa.

— Hakuna kubaki, Spana. Kila mwaka grupu ni mpya. Kuna mzee mmoja wa Kilimani, kijana wake wa kwanza aliingia kitambo, sasa ni wa pili. Aliniambia Mama alikuwa kwa ile ya zamani. Na hii mpya, yule aliifungua anaapa hakumwongeza. Anasema alifungua grupu, kabla hajaongeza mtu hata mmoja, akampata yuko ndani amemsalimia.

Ukungu ulikuwa umefika kwenye miguu ya benchi. Nilijiambia ni baridi tu.

— Basi mimi nitawaambia, akasema Wakili, na mara hii hakuwa anatafuta kicheko. Damu ni nzito kuliko maji. Ndiyo sababu mtu akianguka baharini anazama. Bahari inajua hiyo. Huyo si mtu. Hiyo ni bahari yenyewe, na inataka kujua watoto kabla hawajafika. Amewahi kukuuliza jina la Kuria la nyumbani?

Admirali akageukia ukungu wa barabarani.

— Alikuuliza?

— Alituuliza wote. Alisema ni ya kuwatia moyo watoto.

— Na nini ingine?

— Alisema kila mzazi amwambie ile wimbo tulikuwa tunaimbia mtoto akikataa kulala.

— Na ukamwambia?

— Nilirekodi, akasema Admirali, akiangalia viatu vyake. Niliingia kwa chumba cha sponji ndio majirani wasisikie. Nikaimba yote.

Simu ikalia mara ya tatu. Safari hii sote wanne tuliitazama. Jina lile, Kuria, lilikuwa linawaka na kuzima, na kila mtu alikuwa anangoja mwingine awe na ujasiri. Ilikatika. Admirali akapumua kama mtu aliyebebeshwa kochi la watu saba.

Nadhani ni wakati huo ndipo tulipogundua kuna mtu amesimama. Alikuwa mwanamke wa makamo, na thamosi mkononi, leso kichwani. Niliwahi kumwona akihamia ploti iliyo nyuma ya kanisa. Jina lake alinipa baadaye, Kasiva. Alikuwa amekuja kununua kahawa ya kwenda nayo, na kwa heshima alikuwa amengoja tumalize, bila kujua kwamba sisi hatumalizi.

— Niwieni radhi, akasema. Mimi ni mgeni, sitaki kuingilia. Lakini huyo mama mnasema, ni Mama nani?

— Ni Mama, akasema Admirali.

— Eeh, lakini Mama nani? Mimi ni Mama Mukonyo. Dada, wewe ni Mama nani?

— Mama Shiko, nikasema.

— Haya. Hiyo grupu si ni ya wazazi? Mtoto wake anaitwa nani?

Admirali alifungua mdomo. Akaangalia Spana, Spana akaangalia Wakili, na Wakili, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na methali.

Kwetu ukishazaa, jina lako unaliacha kwa kitambulisho. Chama kinakuita kwa mtoto wako, mwenye duka anakukopesha kwa jina la mtoto wako, hata mchungaji akikuombea anamwambia Mungu Mama fulani, na Mungu anajua ni nani. Admirali alishika simu sasa kwa mikono yote miwili, akawa anapandisha lile grupu kwa kidole. Baba Njogu. Mama Everlyn. Baba Yash. Mama Kajal wa Parklands. Wote walikuwa na mtoto nyuma ya jina. Yeye alikuwa Mama, basi. Aliuliza habari za kila mtoto, na wazazi wote hao, watu wazima wenye ploti na madigrii, waliona ni heshima kumwita hivyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza wake anaendeleaje.

— Mpigie Kuria, nikamwambia. Piga sasa hivi, Maina!

Sikumbuki mara ya mwisho nilimwita Maina. Alipiga. Aliweka spika, na sote tukainama juu ya ile simu mpaka vichwa vikagusana, mgeni na thamosi yake pia.

"Samahani, nambari unayopiga inatumika kwa sasa."

— Anaongea na mtu, akasema Spana. Ni sawa. Labda ni shangazi yake.

— Ndiyo, akasema Wakili. Labda ni msichana.

Alipiga tena. Inatumika. Akapiga tena, inatumika. Tulingoja. Mandazi zikaungua kwa karai na sikujali. Alipopiga tena, ile sauti ya yule dada wa simu ikasema mteja hapatikani, na tukajua simu zimekusanywa, kijana amepanda meli.

Admirali alifungua grupu. Vidole vyake ni vya kuvuta ngozi ya sofa, vinene; aliandika, akafuta, akaandika. Niliona maneno yenyewe: Wewe ni Mama nani?

Juu pale pakaandika kwamba Mama anaandika. Pakaacha. Pakaandika tena. Kasiva alianza kuomba kwa Kikamba, polepole, bila kufunga macho.

Ujumbe ukaingia.

"Alipiga sana, Baba Kuria. Hukushika. Nimeshika mimi. Alilia kidogo, sasa ametulia. Kwa hivyo unaweza kuniita Mama Kuria."

Wazazi wengine wakaanza kuweka mikono ya kuomba na mioyo chini yake. Amina, Mama. Asante Mama. Barikiwa.

Spana alisimama, akakaa. Wakili alikuwa analia na hakujificha. Mimi nilipandwa na hasira, nikataka kuchukua ile simu niipige kwa ukuta, nimtukane huyo mwanamke kwa lugha zote ninazozijua. Lakini Admirali alinisukumia simu kifuani.

— Niandikie wewe, Wangu. Mikono imekataa. Mwambie nimekosa. Mwambie naomba aniruhusu niongee na mtoto, hata dakika moja.

Nikaandika hivyo hivyo, na nikaongeza tafadhali.