Asubuhi Vibao Vyote Vilipolala

Tarehe thelathini ya mwezi huu, king'ora cha saa kumi jioni kitakapolia, bawabu mkuu wa kiwanda chetu cha magunia atalifunga lango kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Sote twamwita Mzee Komeo, na nimeambiwa kwamba hata wajukuu wake wanamjua kwa jina hilo. Jalada lake la utumishi linasema ametumikia miaka ishirini na minne. Kwa heshima zote, jalada hilo si la kweli. Ametumikia miaka thelathini na mitano. Miaka kumi na mmoja ilifutwa kwa sentensi moja, na aliyeiandika sentensi hiyo ni mimi.

Naomba radhi kwa kuanza hivi. Mhariri wa jarida letu, binti mwenye adabu sana, aliniomba kurasa mbili za furaha, kwa kuwa nilikuwa karani wa zamu hapa na mimi ndiye niliyebaki katika wale waliomwona Mzee Komeo akianza kazi. Furaha ipo, nami nitampa yote inayostahili. Namwomba tu avumilie na haya mengine.

Alikuja akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mchukuzi wa marobota ya katani. Mwaka wa pili akahamishiwa langoni baada ya kugunduliwa kwamba anamjua kila mfanyakazi kwa kikohozi chake, hata kabla hajajitokeza kwenye kona. Wakati ule palikuwa na ubao mkubwa pale langoni wenye misumari, na kwenye kila msumari kibao cha bati chenye namba. Ukiingia unachukua chako, ukitoka unakirudisha. Sheria ya Mzee Komeo ilikuwa fupi: hakuna kibao, hakuna kuingia. Meneja mpya alipofika siku yake ya kwanza, mvua ikinyesha, hakuwa na kibao. Mzee Komeo alitoka nje na mwavuli, akasimama naye pale akimkinga huku yeye mwenyewe akilowa, mpaka kibao kikaletwa kutoka ofisini. Lango hakulifungua. Meneja alisimulia kisa hicho kwa miaka mingi, na kila aliposimulia, mvua ilizidi kuwa kubwa.

Vijana wetu wa leo, wanaoingia kwa kugusisha kidole kwenye mashine, huenda hawajui jinsi mdororo ule wa uchumi ulivyotukuta. Sisi wa magunia tuliuona kabla ya wenye magazeti. Bei ya mazao ilipoanguka, wakulima waliyaacha yaoze shambani, na asiye na cha kujaza hanunui gunia. Mwezi wa kwanza bohari lilijaa. Mwezi wa tatu tulipanga magunia hadi kwenye korido ya ofisi, tukawa tunapita kiubavuubavu kama kaa. Mtaani watu waliuza makabati, kisha vitanda, kisha milango ya ndani, wakatundika mapazia. Waziri mmoja alisema redioni kwamba hali hiyo ni ya kupita. Wiki ya pili yake akapita yeye, na serikali nzima nyuma yake.

Kiwandani iliamuliwa tufanye kazi kwa kupokezana. Kila asubuhi, vibao vya wasiohitajika siku hiyo viligeuzwa vikatazama ubao, kifudifudi. Tulisema, "Kibao chake kimelala." Mtu alifika, akaona msumari wake mbele ya wenzake mia mbili, akageuka kurudi nyumbani huku wote wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

Mzee Komeo hakuipenda desturi hiyo, naye akaanzisha yake. Kila alasiri alipopokea orodha kutoka kwangu, aliwapitia majumbani waliokuwa na zamu ya kulala kesho yake, ili asiwepo wa kuaibishwa langoni. Alikuwa na maneno yake. Kwa fundi wa kusokota, mtu mnene, alisema, "Shemeji, kesho kiwanda kimekupa ruhusa upunguze tumbo." Mwenyewe akajibu, "Mwambie meneja tumbo limeshapungua, sasa napunguza mkanda." Wakacheka, na mlango ukafungwa taratibu. Mfumaji mmoja mzee hakuweza kuwaambia wanawe. Aliendelea kutoka nyumbani kila alfajiri na kopo la chakula lisilo na kitu. Mzee Komeo alimketisha katika kibanda cha bawabu hadi jioni, akamgawia chake, wala hakumtajia mtu.

Ndipo wakaja wale waliotumia fagio kama alama ya chama chao. Walisema nchi ina kazi za kutosha, ila zimekaliwa na watu wa kuja. Watu wa kuja walikuwa ni wale ambao babu zao walivuka mto kuja kujenga reli, na ambao wengi wao hawakuwa wamewahi hata kuuona mto wenyewe. Maneno hayo yalisemwa sokoni na kwenye foleni ya unga, na mwenye njaa si mchaguzi wa maneno. Chama cha fagio kilishinda uchaguzi kwa kura nyingi. Nami niliwapigia kura. Naliandika hili kwa kuwa nikilinyamazia, mengine yote yatakuwa mapambo.

Mwezi mmoja baadaye ilikuja amri: kila kiwanda kiorodheshe watu wa kuja, na vibao vyao vilale moja kwa moja. Shule ya misheni iliyonilea ilinipa mwandiko mzuri, mwandiko uliosifiwa hata na wakaguzi. Kwa mwandiko huo niliandika majina arobaini na moja. Miongoni mwao alikuwa mshona midomo ya magunia, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi bohari la pili, rafiki mkubwa wa marehemu mke wangu. Jina lake ni la kumi na tisa. Nililiandika vizuri kama mengine.

Alasiri ile nilimkabidhi Mzee Komeo orodha. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimekosea. Nikamwambia sikukosea, ndiyo amri. Akasema, "Hii siwezi kuipitisha majumbani, Karani. Nitawaambia kesho wakafanye nini?" Nilidhani amekubali.

Asubuhi yake tulikuta vibao vyote vimelala. Vyote mia mbili na kumi, na cha meneja, na changu, na chake mwenyewe namba saba. Ubao mzima ulikuwa bati tupu, hakuna namba hata moja inayoonekana. Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Leo ni sikukuu ya nani?" wakacheka, kisha kicheko kikafa kadiri kila mmoja alivyoelewa. Mzee Komeo alisimama mbele ya lango na kusema hajui kibao kipi ni cha nani, na kwamba ama wote waingie, ama wote warudi nyumbani. Watu mia mbili walisimama. Hakuna aliyesogea. Nadhani kwa dakika tano hivi tulikuwa watu bora kuliko tulivyowahi kuwa.

Meneja akanitazama. Mimi ndiye niliyejua kila namba na msumari wake, gizani au mchana. Hakunitishia. Alisema tu kwamba lango lisipofunguliwa kabla ya king'ora cha pili, wakubwa watakifunga kiwanda, na watoto wa watu wote wataniangalia mimi. Nimelitumia neno hilo kama kisingizio kwa miaka mingi, na sasa naliweka chini. Nilikwenda kwenye ubao na kuvigeuza vibao kimoja kimoja, bila kukosea hata kimoja. Arobaini na kimoja niliviacha vimelala. Mzee Komeo hakunizuia. Alisogea pembeni kunipisha, kama alivyompisha kila mtu mwenye haki ya kupita, na jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenipiga. Watu wakaingia wakiwa wameinamisha vichwa.

Nyumba za wale arobaini na mmoja zilikuwa za kiwanda, hivyo wiki hiyohiyo wakahama. Jioni ya siku niliyovigeuza vibao, mke wangu hakunigombeza. Alinitengea chakula mezani, akaenda kula jikoni. Na kuwaondoa wale hakukuuza gunia hata moja: miezi mitatu baadaye kiwanda kilifungwa karibu chote, na tuliobaki tukapanga foleni ileile ya unga.

Mzee Komeo alifukuzwa siku ileile ya vibao. Meneja, kwa kuogopa maswali, aliniagiza niandike jaladani: "Aliacha kazi kwa hiari yake." Nikaandika. Kwa mwaka mmoja na miezi saba alitengeneza viatu kwenye baraza ya nyumba yake, na miguu ya nchi nzima ilikuwa imetoboka soli, kwa hiyo, husema mwenyewe, alikuwa ndiye mfanyabiashara pekee aliyestawi. Chama cha fagio kilipoanguka na magunia kuanza kutoka, aliajiriwa upya, kama mgeni, mwaka wa kwanza. Siku aliyorudi alinisalimu, "Shikamoo, Karani," kwa sauti ileile ya zamani. Nilipokea shikamoo ile kila asubuhi hadi nilipostaafu.

Yaliyofuata mnayajua. Bohari la pili liliposhika moto, ndiye aliyefungua milango yote na kuwataja watu kwa majina walipokuwa wakitoka, mpaka akajua kuna mmoja bado, akarudi kumfuata. Amewafundisha mabawabu wanane, na wote wanane wana mwavuli kibandani.

Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisi ya utumishi, nikaomba jalada lake, nikaandika chini ya sentensi yangu ya zamani kwamba bawabu huyu alifukuzwa kwa kukataa kuwatenga wenzake, na kwamba miaka yake kumi na mmoja ya kwanza ihesabiwe. Nikatia sahihi. Mwandiko sasa unatetemeka. Mkuu wa utumishi amekubali, na cheti kitakachosomwa kitasema miaka thelathini na mitano.

Kisha nikakumbuka desturi yake, kwamba mtu asilikute jambo lake mbele za watu kabla hajaambiwa nyumbani. Alasiri ya jana nilimpitia. Nilimsomea kurasa hizi kwenye baraza ile ya viatu, kutoka mwanzo hadi hapa. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe, hakukinywa. Nilipomaliza alisema habari za moto zimetiwa chumvi na za mwavuli ni sahihi. Kisha akauliza, "Na wale arobaini na mmoja, Karani, umewapitia?"

Sijawapitia. Yeye akaingia ndani, akatoka na daftari la vipimo vya viatu. Nyuma ya daftari ameandika mahali walipohamia wote aliofanikiwa kuwafuatilia kwa miaka hii yote: kumi na saba. Wanne, ameweka alama, wamefariki. Mshona midomo ya magunia yu hai, anakaa kwa mjukuu wake nyuma ya kituo cha mabasi. Alinipa daftari, akanisindikiza hadi barabarani.

Mzee wetu Komeo, kwa niaba ya kiwanda, na ya waliopita langoni kwako salama, tunakushukuru. Tunakutakia maisha mema, afya, na asubuhi za kulala hadi jua lipande bila king'ora. Utanisamehe nisipoonekana mapema kwenye sherehe yako. Alasiri hiyo nina nyumba ya kupitia.