Walimuuliza Pude, Wakaondoka

Kijiwe chetu cha Majengo kiko mbele ya gereji ya pikipiki. Benchi ni ubao wa mninga juu ya matofali, na Gratien anachemsha kahawa yake hapo pembeni. Siku nyingine tunagombana juu ya mpira au bei ya mpunga. Wiki hii tuligombana juu ya Pudensiana, binti wa Nkwabi, mfugaji wa Kakese. Pude alikuwa mwaka wa pili chuo cha afya, mkoa wa mbali. Jumapili baba yake alimwita nyumbani, akafika amekonda, hasemi. Leo asubuhi Nkwabi alifika kijiweni akakataa hata kukaa.

— Kaa, mzee wangu, — Gratien akamsihi.

— Nikae vipi? Mwanangu kaacha kula, kaacha kulala, kaenda mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi kuomba msaada. Mnajua mshauri ni nani?

— Nani?

— Mwalimu wa nidhamu! Huyohuyo! Asubuhi anawafukuza watoto, mchana anawashauri, kiti kilekile! Pude kaingia analia, katoka na onyo la utoro.

Benchi zima likaguna. Katiba akaweka kikombe chini. Jina lake halisi ni Kasimiri, mtendaji wa kata mstaafu, anapenda vifungu vya sheria kuliko mboga.

— Haiwezekani! Sera ya ustawi wa wanafunzi ipo. Mimi nimeisikia redioni!

— Ipo wapi? — akauliza Maiko wa bodaboda, tunayemwita Breki kwa sababu hana.

— Itakuwa kabatini.

— Basi hilo kabati halina msongo wa mawazo kabisa.

Hakuna aliyecheka. Nkwabi akamkata kauli.

— Sijamaliza. Wakaja watafiti na vishikwambi vyao. Unalala? Unakula? Unajisikiaje? Mwanangu akawaambia ukweli. Akawaambia hatamani tena kuamka asubuhi.

— Wakasemaje?

— "Asante kwa ushirikiano." Wakampa soda. Wakaondoka! Chuo hakikunipigia simu. Aliyenipigia ni Lidia, mwenzake wa chumbani, mtoto mwenzake!

Breki akakohoa.

— Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Labda ndio maana hawakuendelea kumuuliza.

— Mjinga wewe! — Katiba akafoka. — Maana yake apewe bila kuulizwa! Hawa wameuliza, halafu uji wenyewe hawajampa!

— Mimi nawaambia hao siyo watafiti, — Breki akasema. — Vile vishikwambi vinanyonya huzuni. Inapelekwa Ulaya, inatengenezwa dawa, tunakuja kuuziwa sisi.

— Acha uzushi, — Katiba akamkatiza. — Ni mpango. Wanataka vijana waanguke vyuoni ili foleni ya ajira ipungue. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

— Chuo chenyewe kimejengwa juu ya makaburi, — Gratien akasema, akimimina. — Mizimu haipendi mitihani.

Hata mimi nikadakia kwamba soda ile ilikuwa na kitu. Kila mtu akapiga kelele. Nkwabi akaapa kwenda kumtoa yule mwalimu ofisini kwa ukosi wa shati. Katiba akasema atakuwa msemaji. Breki akasema pikipiki yake iko tayari, hata sasa hivi.

Hapo akatokea msichana mwenye begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni. Namuulizia Mzee Nkwabi wa Kakese. Mimi ni Lidia, nimeshuka kwenye treni sasa hivi.

Nkwabi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tukamsogezea nafasi kwenye benchi. Hakukaa.

— Baba, Pude sasa hivi analala?

— Anashinda chumbani.

— Najua, baba. Lakini analala?

Nkwabi akairekebisha kofia yake.

— Mambo hayo… yeye na mama yake.

Akatugeukia sisi, kana kwamba mmoja wetu anajua. Tangu Jumapili tumemjadili Pude asubuhi na jioni. Hakuna aliyefika Kakese kumjulia hali.

— Nyie wote hamjui? — Lidia akasema kwa hasira. — Wale wa vishikwambi angalau waliuliza.

Nkwabi alibaki amesimama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akamwambia Breki awashe pikipiki.

— Tunaenda chuoni?

— Nyumbani!

Wakapanda watatu. Sisi tukabaki tunaangalia barabara. Katiba hakutaja kifungu hata kimoja.

Breki alirudi jua limeshapanda. Alikaa bila kuagiza kahawa.

— Na chuo? — Katiba akamuuliza. — Yule mwalimu tunamwacha hivihivi?

— Mzee kasema atakwenda, na hasira yake anayo yote. Lakini kwanza anampeleka mtoto hospitali, kesho.

— Wewe ulimwona Pude?

— Alikuwa amekaa uani. Lidia akamkumbatia. Mzee akakaa chini mbele ya binti yake, kwenye vumbi, na suruali yake ya safari. Akamuuliza, "Mwanangu, unalala?"

— Akajibu?

— Kwanza aliushika mkono wa Lidia. Halafu akasema, "Hapana, baba."

— Mzee akasemaje?

— Akavua kofia. Akasema, "Nieleze."