Mpango wa Mwisho wa Mwalimu Nukta

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ndiye kitindamimba; alinibeba mgongoni, na hadi uzeeni alinikumbusha nilivyokuwa mzito.

Alimaliza sekondari mwaka 1979. Mwaka 1983 alihitimu ualimu, akiwa amejifunza maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole.

Alifundisha wanafunzi wasioona kuanzia 1984 hadi 2021. Mwaka 2006 shule ilipata kompyuta zinazosoma kwa sauti. Kwa furaha, dada akafungia stoo mashine zote za nukta nundu. Siku ya mtihani wa majaribio umeme ukakatika, na vidole vya watoto vilikuwa vimeshasahau. Alilia mbele ya darasa, jamani. “Kosa ni langu, si lenu,” aliwaambia. Tangu hapo hakuagiza kifaa kabla ya kushinda na mtoto siku nzima, yeye mwenyewe kajifunga kitambaa machoni, akiuliza: “Hapa unasoma nini? Bwenini je? Umeme ukizima?” Ndipo alipoandika mpango wa mtoto huyo, wa vifaa na namna atakavyosoma. Siku moja, na kitambaa chake, aliingia ofisini akaliambia kabati, “Shikamoo, mkuu!” Watoto, wanaoijua ofisi ile kuliko sisi, walicheka wiki nzima.

Tarehe 20 Desemba 1986 aliolewa na fundi saa, mtu mpole asiyejua kuharakisha hata chai. Shemeji, pole sana.

Februari mwaka huu aligundulika na saratani ya kongosho. Alikuwa akimsaidia binti tunayemwita Kasuku kwa jinsi anavyoongea, aliyepoteza uoni akiwa kidato cha tatu. Bila mpango kamili, asingepewa kibali cha kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa vifaa vyake. Dada aliuandika kitandani. Maumivu yakipungua, utasikia, “Haya, tulifika wapi?” Kibali kilitoka tarehe 24 Oktoba. Akaniita.

“Nikifa wiki ya mtihani, asije kunizika.”

“Dada! Huyo si kama mwanao?”

“Ndiyo maana.”

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi ndugu zake wanne.

Haya ya mwisho hayamo kwenye karatasi za wasifu mlizoshika. Asubuhi hii nimemsindikiza Kasuku hadi mlango wa chumba cha mtihani. Amelia ngazi zote, kisha akaingia. Saa hizi anaandika.

Basi apumzike kwa amani, dada yetu.