Majani Mawili kwa Ua Moja: Mama Bosibori Anaiacha Meza ya Kwilti

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu: huwa ninachora kwilti, yale mablanketi yanayoshonwa kwa vipande vya vitambaa. Nazichora nikiwa nimefunika karatasi kwa mkono, kama mtoto anayeogopa jirani yake atamwibia majibu. Nalitaja hapa mwanzo kwa sababu ninayeandika habari zake leo ndiye aliyenitia hamu hiyo, na nikingoja niwe jasiri kwanza, atakuwa ameshaondoka.

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Bosibori Nyangau anastaafu baada ya kuhudumu miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu hapa mjini Kisii. Sherehe itaanza saa sita mchana na itaisha mapema. Anayeuliza kwa nini mapema hamjui Mama Bosibori. Yeye ni Msabato, na jua la Ijumaa likianza kushuka, hata hotuba ya kumsifu yeye mwenyewe ataiacha katikati achukue mkoba wake.

Kazi ya kuandika ukurasa huu, utakaogawiwa wageni siku ya sherehe, nilipewa na Mzee Opondo, mwenye karakana. Alinikuta kwenye meza ya pasi, ambapo nafanya kazi tangu nimalize Kidato cha Nne, akasema, "Mokeira, wewe huongei. Basi lazima unaandika." Fundi Lynette, ambaye cherehani yake iko karibu nami, akadakia: "Huyu akiongea siku moja, Kisii itakosa mvua mwezi mzima!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ila kwa ndani.

Mama Bosibori alizaliwa Ikonge, kule Nyamira, katika nyumba ya wakulima wa chai. Alipokuja hapa mwaka wa 1994, karakana ilikuwa ikishona sare za shule na majoho ya kwaya, basi. Mzee Opondo mwenyewe alikuwa kijana aliyetoka Homa Bay na cherehani mbili na maneno mengi. Anasema alimwajiri kwa sababu ndiye pekee aliyefika na sindano yake mwenyewe, ameichomeka kwenye kola. Alianza kwa kutia vifungo.

Kwilti zilianza kwa shida. Mzee Opondo alinunua marobota ya pamba yenye maua makubwa, mekundu, ya njano, ya waridi, ya zambarau, akiamini yataisha kwa wiki. Watu waliingia, wakashangaa, wakatoka. Mteja mmoja aliyatazama sana, akasema, "Nikivaa hii kanisani, watanimwagilia maji." Maneno hayo bado yanasimuliwa hapa wakati wa chai.

Ndipo Mama Bosibori akaomba kipande cha kila kitambaa. Alivipanga, akavishona pamoja vikawa blanketi moja kubwa, akalijaza pamba na kulitia bitana, akalitundika mlangoni. Watu waliopita walirudi nyuma. Walitaka blanketi. Walipoambiwa haliuzwi, waliuliza vile vitambaa viko wapi, na yale marobota yakaisha. Tangu siku hiyo hakuna mkusanyiko wa vitambaa vya maua uliowekwa kwenye rafu zetu kabla haujapita mikononi mwake. Kazi yake imekuwa hiyo: kubuni kwilti ambayo kila kitambaa kinaonekana na hakuna kinachompigia mwenzake kelele.

Jinsi anavyofanya ni hivi. Kwanza hakati. Anatundika kitambaa kizima kwenye kamba nje, anavuka barabara, anasimama kando ya mama anayeuza ndizi na kukitazama kutoka huko. Ua linaloonekana kutoka kwenye ndizi ni ua, na litabaki zima. Lisiloonekana, hata kama ni zuri namna gani, kwake ni jani. Kisha inakuja hesabu ya kwao Ikonge. Chai nzuri huchumwa majani mawili na chipukizi, na yeye akaileta kanuni hiyo kwenye meza yetu: kila kipande chenye ua kubwa hupewa vipande viwili vitulivu, vya kijani au kijivu au vidoadoa, ili jicho lipate mahali pa kukaa. Ukishona ua kando ya ua kando ya ua, anasema, umetengeneza harusi ambayo kila mgeni ana kipaza sauti.

Na ua halikatwi katikati. Niliwahi kumwona akiushika mkono wa Lynette wenye mkasi, polepole tu. "We Lynette, na mimi nikukate hapa puani utafurahi?"

Isitoshe, maua yote lazima yasimame wima kwa anayeingia mlangoni, si kwa anayelala. Anayelala amefumba macho, anasema. Ya nini kumshonea? Kwa ajili ya ua moja tu lililosimama kichwa chini, Lynette alifumua pindo zima siku moja kabla ya maonyesho. "Fumua" ndilo neno analolipenda kuliko yote. Halisemi kwa hasira. "Fumua, omwana one," anakwambia, yaani mwanangu, halafu anakuletea kiti ufumulie hapo karibu naye.

Siwezi kuacha kisa cha Kwilti ya Sabato, maana nikikiacha Mzee Opondo atakisimulia mwenyewe na tutachelewa. Kitambaa kipya lazima kilowekwe kabla ya kukatwa, na chekundu huwa kinatoa rangi. Ijumaa moja Mama Bosibori aliloweka chekundu kwenye beseni lake na cheupe kwenye beseni lake. Mvua ikanyesha, jua likazama mawinguni, naye akaenda zake. Kukamua kungengoja hadi Sabato iishe. Mzee Opondo, ambaye ni Mkatoliki na alikuwa bado yuko kazini, akaona paa linavuja. Alihitaji beseni. Basi akamimina vyote viwili katika beseni moja, akatega lingine chini ya tone, akaenda kulala akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa karakana.

Jumamosi jioni cheupe hakikuwepo. Kulikuwa na cha waridi, chenye mawingumawingu. Mzee Opondo anasema alijiandaa kugombezwa. Mama Bosibori alikiinua, akakitazama, akasema, "Haya, tata," yaani baba, "umenipatia majani." Akakitumia kama vipande vitulivu kuzunguka maua mekundu, na ile ndiyo kwilti iliyopigwa picha kuliko zote tulizowahi kutundika. Baadaye nyumba moja ya wageni iliagiza nyingine kama hiyo. Waliloweka tena, Mzee Opondo akaitwa amimine kwa mkono wake mwenyewe, na rangi ile haikutokea. "Ulimimina ukiwa umefikiri," Mama Bosibori alimwambia. "Safari ile hukufikiri."

Sasa nifike kwenye lililo moyoni mwa kila mtu hapa. Mwezi huu yamefika marobota mapya, tumeyaita Maua ya Mvua, na mauzo yataanza Januari. Ni mkusanyiko mkali kuliko yote niliyoiona. Kitambaa kimoja kina ua la njano kama la malenge, ila ukubwa wake ni wa sufuria. Mzee Opondo alimwomba Mama Bosibori abuni kwilti moja ya mwisho. Alikataa. "Mimi niko njiani kwenda kwa chai yangu. Anayebaki ndiye achore, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa."

Mzee Opondo akatutangazia wakati wa chai: kama hadi Ijumaa hakuna aliyeleta mchoro, Maua ya Mvua yatauzwa kwa mita na meza ya kwilti itarudi kwenye sare za shule. "Sare haina maneno mengi," alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa akiipapasa meza ile kwa kiganja. Mafundi wakatazamana. Mimi nikaitazama pasi.

Tangu asubuhi iliyofuata, kila nikifika kazini nakuta vipande vitatu kwenye meza yangu: viwili vitulivu, kimoja cha ua. Mara ya kwanza nilidhani vimeanguka, nikavipiga pasi nikavirudisha. Kesho yake vikawa vingine. Mama Bosibori anapita tu, "Bwakire, omwana one," kama anavyotusalimu sote asubuhi, wala hasimami. Mimi si mwepesi wa kuelewa. Lakini leo kile cha tatu kilikuwa ua la malenge.

Haliingii kwenye mraba wowote tuliouzoea. Nimelizungusha kichwani siku nzima. Nimeona liwe katikati, zima, na majani yake mawili yawe makubwa kama lenyewe. Kisha yale maua madogo yateremke kwenda pembeni kwa mistari iliyopinda, kama mashamba ya chai yanavyoshuka mlimani, yakififia hadi kwenye pindo la kijani. Na yote yasimame wima kwa anayeingia mlangoni.

Mama Bosibori, kwa niaba ya mafundi, wakataji, Mzee Opondo na yule mama wa ndizi ng'ambo ya barabara, asante. Asante kwa kila "fumua" na kwa kile kiti. Tunakuombea siku zenye nafasi, chai inayochipua bila kukuharakisha, wajukuu wenye mikono mitulivu, na Sabato nyingi ambazo hakuna mtu atakayegusa beseni lako. Nenda salama, mama yetu, na ukae vizuri.

Nilitaka kuishia hapo. Ila nasikia malapa kwenye ngazi, pata, pata, la kushoto likivutwa kidogo, na hakuna mwingine hapa anayetembea hivyo. Mchoro wenyewe uko nyuma ya karatasi hii ninayoiandikia. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuifunika, peke yake, kwa mazoea.

Nimeuondoa. Nikimaliza sentensi hizi naigeuza karatasi, upande wa maua juu, naiacha katikati ya meza. Akisema nifumue, nitafumua.

Mzee Opondo ameahidi kwamba ukurasa huu utachapishwa jinsi ulivyo, mbele na nyuma. Kwa hiyo wewe uliyeushika Ijumaa, ugeuze. Ukikuta maua, ujue meza ya kwilti bado ina mtu.

Mokeira, meza ya pasi