Mkono wa Koti la Wembe

Benchi la wazee wa kijiweni lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka lililofungwa siku nyingi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ghala kuukuu la matairi, na tangu mwanzo wa mwaka ndani yake mliingizwa vyerehani vinane. Mwanamke mmoja, mwalimu, aliwakusanya humo vijana wa mitaa ya nyuma, wale ambao mtu akiwaona hukumbatia mkoba wake, akawa anawafundisha kubuni mavazi. Pale benchini hakuna aliyelitazama ghala lile kuliko Mzee Futi, wala hakuna aliyelisema kidogo kuliko yeye. Alikuwa ameshona makoti ya wanaume miaka arobaini. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, akauza cherehani, akahamia kijiweni.

Asubuhi hiyo hoja ilikuwa moja: kwa nini vijana wale siku hizi wametulia? Injini, fundi wa magari, alishikilia kwamba wanatiliwa dawa kwenye chai. Profesa, aliyekuwa tarishi wa ofisi ya elimu mpaka alipostaafu, na jina akalipatia humo, akaona hayo ni mawazo ya kitoto.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Profesa. Ndiyo maana anawakusanya mmoja mmoja. Kibaba kikijaa, utasikia mtaa mzima umekombwa.

— Wakombe kwa cherehani? aliuliza Injini.

— Cherehani ni geresha tu. Umeyaona yale makaratasi wanayochora? Wewe unadhani ni magauni. Zile ni ramani za nyumba zetu, bwana.

Injini akalitafuna hilo, akaona linaingia akilini, akaliongezea chumvi: basi zile rula ni za kupimia madirisha, ijulikane nani atapenya wapi. Muuza kahawa akataka kujua, na yule kijana aliyeshinda juzi mlangoni akishona vifungo? Profesa akamjibu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna vifungo. Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo hakuna aliyepinga.

Futi angeweza kuwaumbua. Wiki iliyopita upepo ulimletea miguuni moja ya karatasi hizo. Lilikuwa koti, na bega lake limechorwa na mtu anayejua bega ni nini. Lakini alinyamaza, kwani aliona aliyeiacha kazi hana tena la kuisemea.

Hapo ndipo msichana mmoja alipotoka ghalani akavuka barabara, koti la kijivu mkononi. Injini akahamishia simu mfuko wa ndani. Walimjua. Wembe, wa miaka kama kumi na minane, ambaye misimu miwili mizima alikuwa akichana mikoba na mifuko ya watu pale stendi. Futi alimjua zaidi yao. Siku moja alifika nyumbani akitoka stendi, akakuta mfuko wa koti lake umechanwa. Alipoupeleka mwangani aliona mkato umenyooka ajabu, umefuata uzi mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Alikasirika sana, na kwa kuwa ni fundi, akaona haya kwamba ameusifu moyoni.

— Shikamooni, alisema Wembe. Mwalimu amesema hapa yupo mzee aliyeshona makoti. Yeye magauni anayaweza, koti linamsumbua.

Wote wakamgeukia Futi. Msichana akaeleza haraka haraka. Jumamosi angekuja mwenye kiwanda cha ushonaji kuchagua wawili wa kuwapa kazi. Mkono wa kushoto wa koti lake ulikuwa unajikunja begani. Ameufumua mara nne, na hata sasa umefumuliwa; kitambaa kimeanza kuchoka, akiufumua tena baada ya hapa kitachanika.

Futi hakulipokea koti.

— Uliwahi kuchana mfuko wa koti langu.

Wembe hakukimbia wala hakubisha.

— Nilichana mingi, babu. Wako siukumbuki. Nisamehe.

— Ulifuata uzi.

— Nilikuwa naona vibaya kuharibu kitambaa.

Kicheko kilimtoka mzee bila yeye kukiruhusu. Akalichukua koti, akaliweka magotini. Vidole vikaanza kutetemeka. Wembe aliviona. Alichuchumaa tu, akashika upande wa pili.

— Unauvuta, alisema Futi. Mkono wa koti hauvutwi, unakaribishwa. Ni mkubwa kuliko tundu la bega, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Usiupunguze. Ushikize kwa sindano kwanza, taratibu, kitambaa kinachozidi ukigawe pande zote. Kikitulia, ndipo upeleke kwenye cherehani.

Profesa akasogea kumpisha akae. Msichana akashikiza pale pale benchini, mzee akimwelekeza kwa kidole. Injini alisahau kahawa yake mpaka ikapoa. Sindano ilipomaliza mzunguko, Wembe aliliinua koti. Bega lilikuwa la mviringo, halina hata kunyanzi moja.

— Nani alikufundisha, babu?

— Mjomba wangu. Miaka sita, chumba kimoja na yeye.

— Na wewe ulimfundisha nani?

Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza saa. Futi akashusha macho kwenye vidole vyake. Wangapi walikuja mlangoni pake kuomba kujifunza, akawafukuza akihofia watamnyang'anya wateja? Akamtazama Profesa, labda ana methali. Profesa akageukia barabara. Injini, aliyemkatalia mtoto wa dada yake kuingia gereji, aliinama akachunguza kikombe chake. Muuza kahawa akainamisha birika kuwaongezea, likatoa matone mawili, basi.

Wembe akashukuru, akavuka na koti lake.

Futi akainuka, akajikung'uta vumbi, akavuka barabara nyuma yake bila kumuaga mtu. Mlangoni pa ghala vichwa viliinuka kutoka kwenye vyerehani. Mwalimu akamsogezea kiti. Mzee akainyoosha mikono yake mbele ya wote, ikitetemeka, wauone ukweli mapema.

— Hii haishoni tena, alisema. Lakini macho bado yanaona. Nani anaanza?