Marko Ngollo na Shimo la Uani kwa Bibi Shamila

Marehemu Marko Ngollo alizaliwa tarehe 2 Juni 1951 huko Goweko, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Maziku Ngollo na mkewe Kalunde. Kadi yake ya mpiga kura inaonyesha mwaka 1953. Cheti cha ubatizo kinaonyesha 1951, na familia imefuata cheti, kwa kuwa marehemu mwenyewe alisema kadi iliandikwa na karani mwenye haraka ya chakula cha mchana. Baba yake alikuwa kibarua wa reli, mchimba mitaro.

Alianza darasa la kwanza hapo Goweko mwaka 1961 na kumaliza la saba mwaka 1967. Wenzake wanaikumbuka siku mwalimu aliposimulia kwamba chini ya mji wa Tabora ipo njia waliyochimba Wajerumani, kutoka bomani hadi stesheni, ya kupitishia mali. Marko alinyoosha mkono.

"Mwalimu, udongo walimwaga wapi?"

"Udongo gani?"

"Wa hiyo njia. Baba akichimba mtaro wa hatua kumi, kifusi kinafika kiunoni. Huo wa mpaka stesheni ungekuwa mlima."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka, na Marko akafyeka majani nyuma ya darasa wiki nzima.

Mwaka 1972 alihamia Tabora mjini na kuanza kazi aliyoifanya miaka arobaini na tisa: kuchimba visima na vyoo vya shimo. Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na Apolinaria, binti wa wakulima wa tumbaku wa Usoke. Mkwewe alipomuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Nachimba, baba." Akaulizwa anachimba nini. "Mtakachoniambia." Wakamwambia kisima. Kisima hicho hadi leo kinatoa maji, na Apolinaria alikuwa akimtania kwamba yeye aliolewa kwa futi thelathini na mbili. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Wengi waliofika hapa leo walimfahamu kwa jambo moja, na familia imeona ni heri lisemwe lilivyokuwa kuliko kunong'onwa makaburini.

Jumatatu ya tarehe 11 Septemba 1989, Marko alikuwa akichimba choo uani kwa Bibi Shamila Sabiri, kwenye moja ya nyumba za kale zilizo kando ya njia ya misafara. Kwenye futi ya tisa, sururu ilizama hadi kwenye mpini. Chini yake palikuwa na uwazi. Marko alipanda juu, akawasha koroboi, akaishusha kwa kamba. Ilizimika. Akaishusha tena, ikazimika tena. Kwa mchimbaji hiyo ni amri: hewa ya chini ni mbaya, na hakuna mtu kushuka mpaka kesho. Akawaondoa watu wote uani, akafunika mdomo wa shimo kwa turubai ili mbuzi na watoto wasitumbukie, akaenda zake nyumbani.

Turubai hilo ndilo lililomponza. Kesho yake taa iliposhuka ikiwaka, naye akashuka mbele ya watu, alikuta chumba kilichochongwa ardhini, urefu wa hatua tano, kimo cha mtu aliyeinama, chenye vishubaka viwili ukutani na mlango wa kale ulioziba. Hakikuwa na kitu. Adinani, mtoto mkubwa wa Bibi Shamila, alichungulia kwa muda mrefu kisha akauliza, "Fundi, jana ulifunika nini?"

"Nilifunika shimo."

"Na usiku turubai lilikuwa na mlinzi gani?"

Bibi Shamila alimkemea mwanawe. Yeye alishikilia kwamba hilo lilikuwa ghala la mtama wa kulishia wapagazi. Adinani alisema ni hazina waliyoificha Wajerumani mwaka 1916, mji ulipokuwa ukitekwa. Mwalimu mmoja mstaafu alileta neno zito zaidi, kwamba humo walifungiwa watumwa, na kwa siku kadhaa majirani wenye nyumba za zamani hawakutazamana vizuri.

Marko aliulizwa kama fundi, na kama fundi alijibu. Chumba kinachozima koroboi hakina tundu la hewa; watu wangekufa siku ya kwanza, na aliyewafunga alitaka kuwauza wakiwa hai. Nafaka ingehitaji majivu ukutani kuzuia mchwa, naye alikwangua asione hata chembe. Kuhusu hazina alisema hana la kusema, kwa kuwa hakuikuta. Kisha akafanya alichokuwa akikifanya kwa kila shimo la kale alilokutana nalo: akautafuta udongo wake. Aliuona kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yenyewe, ule udongo mweupe wa kina cha futi tisa, umesimama pale zaidi ya miaka mia. Waliochimba walikuwa wakitafuta udongo wa kujengea, na vishubaka vilikuwa vya kuwekea taa zao.

"Na mlango waliuziba kwa nini?" Adinani aliuliza.

"Hilo sijui."

Huo ukweli wake mmoja ulimgharimu kuliko uongo wote ambao angeweza kuusema. Kijiweni walisema fundi anayesema hajui ndiye anayejua. Choo kilihamishwa, tundu la chumba likazibwa kwa mawe bapa, na shimo likafukiwa juu yake. Mwaka uliofuata Apolinaria alivuna tumbaku nzuri kwenye shamba la kwao Usoke, nyumba ikaezekwa bati, na wapita njia wakawa wakiinua macho na kusema, "Bati za Mjerumani hizo." Wengine walimpa kazi kwa sharti la kukaa ukingoni mchana kutwa wakimtazama. Alilikubali sharti hilo, na aliwapa viti.

Mwaka 2021 kifua kilianza kumsumbua. Madaktari walisema mapafu yamechakaa kwa vumbi, akaacha kazi. Mwezi Januari mwaka huu, hali ilipozidi, Adinani, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba baada ya mama yake kufariki, alifika kumwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, Adinani. Najua ulichokifuata."

"Mzee, mtu haondoki na neno kifuani."

"Kifuani nina vumbi la visima vyenu. Chukua lote."

Adinani alicheka, ila hakuondoka. Ndipo Marko akasema shimo lifukuliwe, yeye mwenyewe akiwapo.

Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025 alibebwa kwenye kiti hadi uani pale. Justus, mwanawe wa kwanza, alichimba na wenzake wawili. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Koroboi ilishushwa, safari hii bila turubai, na watu wakasubiri hadi alasiri, taa ilipowaka bila kutikisika. Adinani alishuka mwenyewe. Alikaa chini muda, akapanda na kofia yake imejaa vumbi jeupe.

"Hamna kitu," alisema.

Sauti ikatoka nyuma, "Hamna kwa sasa."

Watu wakacheka. Marko alikaa kitini akiwatazama wakitoka wawili wawili, wengine wakisema chumba kile ni safi mno, na nani hufagia shimo tupu?

Lililofuata limeandikwa hapa kwa maagizo ya mjane, naye ametaka lisomwe bila kupunguzwa.

Siku ya pili yake, Jumapili, Apolinaria alikuwa akimnywesha uji. Walikuwa wawili tu. Alimwambia, "Baba Justus, watu wamekwenda zao. Niambie mimi peke yangu. Ulikuta nini mle?"

Marko alikipokea kikombe, akakiweka chini. "Mama Justus. Hata wewe?"

Mumewe alimtazama kidogo, akakichukua kikombe, akamaliza uji. Siku zilizobaki alizungumza naye kwa upole uleule, kuhusu mbuzi, kuhusu bawaba ya mlango, kuhusu wajukuu. Hakulirudia swali lile, wala hakumlaumu. Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

"Nilimuuliza chumbani," amesema Apolinaria. "Radhi namwomba mbele yenu nyote. Miaka arobaini na minane niliishi na mtu huyu, sikuwahi kumshika na uongo hata mmoja, na nilimuuliza. Anayejua kwamba naye alimuuliza, amwombe leo, kabla hatujamfunika."

Marehemu ameacha mjane, Apolinaria. Watoto watatu, Justus, Kalunde na Maziku. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada mmoja aliyeko Goweko.

Mwenyezi Mungu ampokee Marko Ngollo, fundi wa visima, ampe pumziko la amani, na asiulizwe tena.